Weupe Si Jina: Historia ya Kumtambua na Kumchunguza Kipepeo Mweupe Nchini Uganda, kwa Mtazamo wa Nakawa, Kampala

Ikisiri

Vipepeo weupe ni miongoni mwa wadudu wanaoonekana kwa wingi katika miji ya Afrika Mashariki, na pia ni miongoni mwa walio vigumu kutambuliwa kwa uhakika. Makala haya yanafuatilia historia ya kumtambua na kumchunguza kipepeo mweupe nchini Uganda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yakiitazama historia hiyo kutoka Nakawa, divisheni ya mashariki ya jiji la Kampala. Hoja kuu ni kwamba majina ya vipepeo yamebadilika mara nyingi, na kumbukumbu zilizodumu ni zile zilizohifadhi ushahidi wa kutosha kumwezesha mtafiti wa baadaye kulisahihisha jina. Makala yanapitia hatua nne: ukusanyaji wa sampuli katika enzi ya ukoloni, hesabu za uhamaji zilizofanywa Amani, tafiti za Makerere za miaka ya 1960, na orodha ya misitu ya miaka ya 1990. Kisha yanapendekeza namna ya kuanzisha kumbukumbu ya kudumu katika mabonde ya Nakawa kabla mabonde hayo hayajajengwa.

1.0 Utangulizi

Mvua za Machi hadi Mei, ambazo Waganda huziita ttoggo, zinapopungua, mtu anayeshuka kutoka soko la Nakawa kuelekea Bugolobi au bonde la Kinawataka hukutana na vipepeo weupe juu ya magugu ya kando ya barabara, kwenye ua wa nyumba na katika bustani za mboga zilizolimwa ukingoni mwa ardhioevu. Akimuuliza mkulima aliyeinama shambani, ataambiwa kwamba huyo ni ekiwojjolo. Akimuuliza Mswahili, ataambiwa ni kipepeo, jina lililotokana na kitendo cha kupepea. Lugha zote mbili humtofautisha mdudu huyu na wengine kwa wepesi, na zote mbili humwongezea sifa ya rangi pale inapohitajika. Lakini swali la mtaalamu huanzia hapo ambapo jibu la kawaida huishia: mweupe yupi?

Swali hili lina uzito wa kisera. Mwaka 1995 Uganda ilipitisha sera ya kitaifa ya ardhioevu, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufanya hivyo. Katiba ya mwaka huohuo, katika ibara ya 237, iliiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa, mito, ardhioevu na hifadhi za misitu kwa niaba ya wananchi wote. Mwaka 1999 ulichapishwa uchambuzi wa kiuchumi wa ardhioevu ya Nakivubo, inayopokea maji machafu ya jiji na kuyapeleka Ghuba ya Murchison ikipita kati ya Bugolobi na Luzira. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba kazi ya mafunjo ya kusafisha maji pekee ilikuwa na thamani inayofikia dola za Kimarekani milioni moja au zaidi kwa mwaka. Hoja ya maji ilipata tarakimu, na tarakimu husikilizwa katika vikao vya bajeti. Viumbe wanaoishi katika mabonde hayohayo huhitaji ushahidi wa aina yao, na ushahidi huo huanza na utambuzi sahihi.

Nakawa ni mahali pafaapo kwa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mojawapo ya divisheni tano za Kampala ambamo vilima vilivyojengwa, kama Naguru, Mbuya na Kyambogo, vinapakana na mabonde yenye maji. Pili, humo ndimo yalimo makao makuu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu, katika barabara ya Spring Road, Bugolobi. Mamlaka hiyo ilirithi kazi ya Idara ya Misitu, idara iliyoongoza hesabu kubwa ya vipepeo katika historia ya nchi. Mahali panapohifadhi urithi wa hesabu ya misitu na mahali panapopoteza uoto wa mjini ni mahali pamoja.

2.0 Ugumu wa Weupe

Vipepeo weupe wengi wa Uganda ni wa familia ya Pieridae. Weupe wao hutokana na kemikali ziitwazo pterini, ambazo hujengwa ndani ya magamba madogo yanayofunika bawa. Kwa kuwa kemikali hizo ni za familia nzima, weupe humwambia mtazamaji kwamba huenda amemwona mmoja wa ukoo huo, na hauwezi kumwambia zaidi. Alama za kutenganisha spishi moja na nyingine ziko katika weusi: mishipa, madoa na pindo za bawa. Kwa maneno mengine, kipepeo mweupe hutambuliwa kwa sehemu zake zisizo nyeupe.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa spishi mbili za jenasi Belenois. Belenois aurota ana mwishoni mwa selo ya bawa la mbele pau nene jeusi linalopinda kufuata ukingo wa mbele wa bawa. Akitua na kufumba mabawa, mishipa ya upande wa chini wa bawa la nyuma huonekana imechorwa kwa rangi ya kahawia mithili ya wavu. Belenois creona, ambaye umbo lake la Afrika Mashariki na Kusini huitwa severina, ana doa dogo zaidi mahali palepale penye pau la mwenzake. Pindo lake jeusi limepambwa kwa vidoa vyeupe, na upande wa chini wa bawa la nyuma mara nyingi huelekea umanjano. Wakiwa wanaruka mbele ya mtazamaji, wote wawili ni weupe tu. Wakitua kwa nusu dakika, ni viumbe wawili tofauti.

Wapo wengine wanaoweza kuchanganywa nao. Catopsilia florella ni mkubwa zaidi, huruka kwa kasi na kwa nguvu, na dume lake lina weupe unaoelekea ukijani usio na pindo jeusi. Jike huweza kuwa jeupe au la manjano. Viwavi wake hula majani ya miti ya jenasi Senna na Cassia, ambayo hupandwa mijini kwa ajili ya maua yake. Spishi za Leptosia ni ndogo na dhaifu, huruka chini chini kivulini kana kwamba zimechoka, na nyingi zina doa moja jeusi kwenye bawa la mbele. Spishi za Mylothris huruka polepole juu ya miti, zina vidoa vyeusi kwenye ncha za mishipa, na baadhi zina rangi ya chungwa kwenye shina la bawa. Viwavi wao hula mimea vimelea ya familia ya Loranthaceae, ile inayoota juu ya matawi ya miti mingine.

Ugumu huongezeka kwa sababu ya mwigo. Baadhi ya Belenois, Appias na Dixeia, hasa majike, wamefanana na Mylothris kiasi cha kumdanganya mtazamaji mzoefu. Zaidi ya hayo, weupe hauko katika Pieridae peke yake. Danaus chrysippus ana umbo lenye bawa la nyuma jeupe, na Acraea encedon, ambaye atarejelewa hapa chini, ana maumbo kadhaa ya rangi yakiwemo yenye weupe. Kwa hiyo mtu anayeandika katika daftari lake neno “mweupe” bila zaidi, ameandika rangi ya siku hiyo tu. Mtafiti atakayelifungua daftari hilo baada ya miaka thelathini hatakuwa na njia ya kujua ni kiumbe gani kilichoonekana.

3.0 Wavu, Pini na Wasiotajwa

Utambuzi wa kitaalamu wa vipepeo wa Uganda ulianza pamoja na utawala wa kikoloni, na kwa kiasi kikubwa ulifanywa na madaktari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya laki mbili, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, katika mwambao na visiwa vya kaskazini mwa Ziwa Viktoria. Uchunguzi wa mbung'o uliwaleta nchini madaktari waliozoea kutazama wadudu. Mmoja wao alikuwa G. D. Hale Carpenter, aliyeingia katika huduma ya tiba ya Uganda mwaka 1910. Alikaa visiwani akichunguza mbung'o, na wakati huohuo akakusanya na kuzalisha vipepeo. Sampuli na barua zake zilikwenda Oxford kwa Profesa E. B. Poulton, ambaye Carpenter mwenyewe alikuja kumrithi katika uprofesa wa entomolojia mwaka 1933.

Daktari mwingine, C. A. Wiggins, alihudumu katika idara hiyohiyo ya tiba. Mchango wake kwa vipepeo weupe umebaki katika jina: mwaka 1915 F. A. Dixey wa Oxford, mtaalamu wa Pieridae, aliieleza spishi moja ndogo nyeupe na kuiita wigginsi, ambayo leo imo katika jenasi Leptosia. Dixey aliandika sana juu ya mwigo baina ya vipepeo weupe, akitumia sampuli zilizotumwa na watu waliokuwa nyanjani. Hivyo ndivyo maarifa yalivyogawanywa: mdudu alikamatwa Afrika, jina lake likaandikwa Ulaya, na aliyelihitaji jina hilo Uganda alilazimika kulisubiri lirudi katika jarida.

Katika mgawanyo huo walikuwapo watu ambao kumbukumbu zimewataja kwa uchache. T. H. E. Jackson, mkulima wa Kitale nchini Kenya na mkusanyaji mashuhuri hadi kifo chake mwaka 1968, aliwafunza wakusanyaji Waafrika na kuwatuma katika misitu ya Kenya, Uganda na kwingineko. Wao ndio waliojua ni saa ngapi kipepeo fulani hushuka kunywa maji kwenye tope, na ni mti upi huchanua msimu upi. Hata hivyo jina linalokutwa kwenye lebo za mikusanyo ya aina hii mara nyingi ni la mwenye mkusanyo. Kwa mwanahistoria hilo ni suala la haki, na kwa mtafiti wa bayoanuwai ni pengo la ushahidi: maelezo ya mahali na mmea aliyokuwa nayo mkusanyaji kichwani hayakuingia katika karatasi ndogo iliyochomwa pini.

Pamoja na upungufu huo, sampuli zilikuwa na faida moja kubwa: zilidumu kuliko majina yake. Belenois aurota anatosha kuwa mfano. Johan Christian Fabricius alimpa jina la aurota mwaka 1793 kutokana na sampuli ya India, kwa kuwa kipepeo huyu huenea kutoka Afrika kupitia Uarabuni hadi Bara Hindi. Lakini waandishi wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walimwita mesentina, jina lililotolewa na Pieter Cramer mwaka 1780. Baadaye akaitwa Anaphaeis aurota, na leo anaitwa Belenois aurota. Severina naye aliwahi kuandikwa kama spishi kamili kabla ya kuwekwa chini ya creona. Msomaji anayekusanya kumbukumbu za zamani bila kuijua historia hii anaweza kudhani kwamba mesentina alitoweka Afrika Mashariki na mahali pake pakachukuliwa na aurota. Ukweli ni kwamba kipepeo ni yuleyule.

4.0 Mstari wa Kuhesabia: Amani, 1927–1930

Hatua ya pili ya historia hii ilitokea nje ya Uganda, lakini iliigusa kanda nzima. Kati ya mwaka 1927 na 1929 mwanaentomolojia Mwingereza C. B. Williams alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye Milima ya Usambara, Tanganyika. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hapo Williams aliendeleza swali lililokuwa limemshughulisha tangu alipokuwa Amerika ya tropiki: kwa nini vipepeo kwa maelfu huruka siku nzima kuelekea upande mmoja? Kitabu chake kuhusu uhamaji wa vipepeo kilitoka mwaka 1930, na vipepeo weupe wa jamii ya Belenois pamoja na Catopsilia florella walikuwa miongoni mwa wahamaji wakuu wa Afrika waliojadiliwa.

Jambo jipya katika njia ya Williams lilikuwa aina ya maelezo aliyoyathamini. Mbali ya sampuli, alitaka tarehe, saa, upande wa kuelekea, upana wa kundi, hali ya upepo, na idadi ya vipepeo waliokatiza mstari wenye urefu unaojulikana kwa muda unaojulikana. Maelezo ya namna hiyo yangeweza kutolewa na mtu yeyote makini: mwalimu, mkulima, mfanyakazi wa reli au mmisionari. Kwa mara ya kwanza kipepeo mweupe wa kawaida, ambaye mkusanyaji wa sampuli adimu angempita bila kumtazama, alikuwa na thamani kubwa kwa sababu ya wingi wake.

Maarifa ya baadaye yalieleza chanzo cha safari hizo. Viwavi wa Belenois aurota hula mimea ya familia ya Capparaceae, kama vile Boscia, Maerua na Capparis, ambayo ni ya kawaida katika nyika kavu. Mvua nzuri huleta majani mapya, mayai mengi na viwavi wengi kiasi cha kuiacha miti bila majani. Vipepeo wanaotokea hapo huondoka. Kusini mwa Afrika hali hii hujulikana sana: karibu kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, makundi ya vipepeo hawa hupita juu ya Johannesburg yakielekea kaskazini mashariki. Kwa mtunga sera wa jiji, funzo ni kwamba kipepeo mweupe anayeonekana mjini leo anaweza kuwa mkazi aliyezaliwa kwenye ua wa jirani, au msafiri aliyezaliwa katika nyika ya mbali. Wingi wa siku moja hauthibitishi afya ya bonde la mjini, na uhaba wa siku moja hauthibitishi uharibifu wake. Kinachothibitisha ni mfululizo wa hesabu mahali palepale kwa miaka, pamoja na ushahidi kwamba mayai na viwavi wamo humo.

5.0 Makerere: Funzo la Spishi Mbili Zilizoonekana Moja

Katika miaka ya 1960 uchunguzi wa vipepeo ulihamia katika viunga vya Kampala yenyewe. Denis Owen, mhadhiri wa zuolojia Makerere, aliacha kuwinda adimu na akawageukia vipepeo wa kawaida wa magugu na bustani. Kipepeo aliyempa umaarufu ni Acraea encedon, mwenye maumbo mengi ya rangi, baadhi yakiwa na weupe. Owen aligundua kwamba katika baadhi ya mahali karibu vipepeo wote walikuwa majike. Kwa njia ya kawaida ya urithi hali hiyo haielezeki kwa urahisi, na ilibaki fumbo kwa muda mrefu.

Mwaka 1976 mtaalamu Mfaransa Jacques Pierre alionyesha kwamba kile kilichoitwa encedon kilikuwa spishi mbili. Ya pili aliiita Acraea encedana. Kwa macho zinafanana mno, lakini zinatofautiana katika maumbile ya ndani na katika mimea ya viwavi: encedon hutegemea Commelina, gugu lenye maua ya buluu linalojulikana na kila anayepalilia shamba, na encedana huhusishwa na Desmodium ya mahali penye majimaji. Hivyo idadi zilizokuwa zimehesabiwa chini ya jina moja zilibidi kusomwa upya. Hilo liliwezekana pale tu ambapo sampuli zilihifadhiwa au mahali na mmea vilikuwa vimeandikwa.

Fumbo la majike lilifunguliwa mwishoni mwa karne. Kati ya mwaka 1998 na 2000 Francis Jiggins, Greg Hurst, Michael Majerus na wenzao, wakifanya kazi na vipepeo wa Uganda, walionyesha kwamba bakteria wa jenasi Wolbachia hurithishwa kutoka kwa mama na huua watoto wa kiume wangali mayai. Uchunguzi uliofanywa kwenye magugu ya Kampala ukawa mfano unaorejelewa duniani kote katika biolojia ya mageuzi. Ikumbukwe kwamba magugu hayo hayakuwa hifadhi ya taifa. Yalikuwa uoto wa kando ya njia, wa aina ileile inayofyekwa kila wiki mjini bila mtu kuuliza.

Kati ya Owen na Jiggins palikuwa na ukimya. Miaka ya 1971 hadi 1979, enzi ya utawala wa Idi Amin, na vita vilivyofuata, iliwaondoa wahadhiri wengi Makerere na kuidhoofisha kazi ya nyanjani. Msomi anayetaka kujua hali ya vipepeo wa Kampala katika miaka hiyo anakuta pengo, na pengo katika mfululizo wa kumbukumbu haliwezi kuzibwa kwa makisio ya baadaye.

6.0 Orodha ya Misitu na Mabonde ya Mji

Kazi iliyojaribu kuurudisha mfululizo ilifanywa na Idara ya Misitu. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 Idara hiyo ilifanya tathmini ya bayoanuwai katika misitu mikuu 65 ya hifadhi. Makundi matano yalichaguliwa kuwa viashiria: miti na vichaka, ndege, wanyama wadogo, nondo wakubwa na vipepeo. Mwaka 1996 T. R. B. Davenport alitoa orodha yenye maelezo ya vipepeo wa Uganda, spishi zaidi ya 1,200. Matokeo ya tathmini yalitumika kuamua ni sehemu zipi za misitu zilindwe kikamilifu na zipi ziruhusiwe kutumika.

Faida ya kazi hiyo ilionekana mwaka 2007, pale pendekezo la kukata sehemu ya Msitu wa Mabira kwa ajili ya mashamba ya miwa lilipozua upinzani mkubwa na maandamano yaliyosababisha vifo jijini Kampala. Wapinzani wa pendekezo walikuwa na orodha mkononi: ndege wangapi, miti mingapi, vipepeo wangapi. Hoja ya kimaadili ilikuwa na nguvu yake, lakini orodha ndiyo iliyomzuia mpinzani kusema kwamba msitu ule ulikuwa miti tu. Mpango wa wakati huo haukutekelezwa.

Tathmini ya miaka ya 1990 ilihusu hifadhi za misitu, na hilo ndilo lililokuwa jukumu la Idara. Mabonde ya Kinawataka na Nakivubo, ua za Naguru na kingo za reli hazikuwa misitu. Matokeo ni kwamba mshauri wa sera anaweza kupata orodha ya vipepeo wa msitu ulio kilomita 50 kutoka Kampala kwa urahisi zaidi kuliko ya bonde lililo chini ya dirisha la ofisi yake. Wakati huohuo mazingira ya Nakawa yalibadilika kwa kasi. Sehemu ya hifadhi ya Namanve, mashariki ya divisheni, iligeuzwa kuwa eneo la viwanda. Mitaa ya nyumba za serikali ya Nakawa na Naguru ilibomolewa mwaka 2011 ili kujengwa upya, na pamoja na nyumba zikaondoka bustani na miti ya zaidi ya nusu karne. Iwapo vipepeo walipungua, waliongezeka au walihama kutokana na mabadiliko hayo ni jambo ambalo hesabu za kabla na baada ndizo pekee zingeweza kulijibu.

7.0 Uchunguzi Unaofaa Nakawa

Historia iliyoelezwa inatoa masharti manne ya kumbukumbu inayodumu, na yote yanaweza kutimizwa bila gharama kubwa.

La kwanza ni ushahidi wa alama. Simu ya mkononi imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kazi ya pini, ila picha lazima ionyeshe kinachotambulisha. Kwa kipepeo mweupe picha moja ya mabawa yaliyofunguliwa haitoshi. Inahitajika picha ya upande wa chini wa bawa la nyuma, ambayo hupatikana kipepeo anapotua kunywa au kulala, hasa asubuhi kabla jua halijamtia joto. Pale ambapo picha haitoshi, kama kwa Leptosia, sampuli chache zihifadhiwe katika jumba la makumbusho la zuolojia, Makerere, kwa kibali.

La pili ni mstari wa Williams. Njia moja ichaguliwe, kwa mfano ukingo wa bonde la Kinawataka, na itembelewe kwa mwendo uleule, saa ileile, kila wiki katika majira ya ttoggo na yale ya ddumbi ya Septemba hadi Novemba. Anayehesabu aandike pia siku ambazo hakuona kipepeo hata mmoja. Sifuri iliyoandikwa ni taarifa, na ukurasa usioandikwa hauwezi kutofautishwa na uvivu.

La tatu ni mmea. Kipepeo mzima huruka popote, lakini kiwavi hula mahali alipo. Kumwona jike akitaga yai kwenye jani la Capparaceae, au kiwavi kwenye Senna, kunathibitisha kwamba eneo hilo ni makazi. Wakulima na waganga wa miti shamba wa Nakawa wanaijua mimea hii kwa majina ya Kiluganda na ya lugha nyingine. Majina hayo yaandikwe pamoja na jina la kisayansi, na aliyeyatoa atajwe kwa ridhaa yake, ili kosa la lebo za zamani lisirudiwe.

La nne ni kukiri shaka. Pale mtazamaji asipoweza kuwatenganisha aurota na creona, aandike “Belenois, spishi haijathibitishwa”. Rekodi pungufu iliyo ya kweli ina manufaa kuliko rekodi kamili iliyokisiwa, kwa sababu ya kwanza inaweza kukamilishwa na ya pili huharibu hesabu ya wengine.

Taasisi za kuipokea kumbukumbu hiyo zipo. Makerere ina Benki ya Taifa ya Takwimu za Bayoanuwai. Divisheni ya Nakawa yenyewe ina vyuo na shule ambazo wanafunzi wake hupita kando ya mabonde kila siku. Mamlaka ya Jiji la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, na mamlaka ya mazingira, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2019, huhitaji tathmini za athari kabla ya miradi mikubwa. Tathmini hizo hufanywa kwa siku chache, mara nyingi nje ya msimu wa vipepeo. Mshauri anayeandika kwamba hakuona spishi za kutiliwa maanani huwa amesema kweli kuhusu siku zake chache, na hana cha kulinganisha nacho. Mfululizo wa miaka mitano wa njia moja ungempa cha kulinganisha.

Kiswahili kina nafasi katika kazi hii. Majina ya Kilatini yabaki kuwa kiungo cha wataalamu, lakini maelekezo ya kutazama, yaani selo, pindo, mshipa na upande wa chini wa bawa, yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu na kueleweka Nakawa, Kitale na Amani. Vipepeo wanaohama hawatambui mipaka ya nchi, na fomu ya kuhesabia yenye lugha moja ingeziwezesha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuunganisha takwimu zao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika muda wa zaidi ya karne moja kipepeo mweupe wa Uganda amebadilishwa jina, amegawanywa, ameunganishwa na kusomwa upya. Aliyemwita mesentina hakukosea kwa maarifa ya wakati wake, wala Owen hakukosea kuhesabu spishi mbili kama moja kabla ya mwaka 1976. Kazi zao zimebaki hai kwa sababu waliacha sampuli, tarehe, mahali na mimea, na warithi wao wakapata pa kushika. Kumbukumbu zilizokosa mambo hayo zimebaki kuwa majina matupu.

Mabonde ya Nakawa yanajazwa udongo mwaka baada ya mwaka, na kila tuta la udongo linafunika ukurasa ambao haujaandikwa. Hakuna anayeweza kudai mbele ya kamati au mahakama kwamba kitu kimepotea pale ambapo hakukuwa na maandishi kwamba kilikuwapo. Majira ya ddumbi yajayo yanatosha kuanza: njia moja, daftari moja, picha ya upande wa chini wa bawa, na jina la mmea.